Nahodha Kameza Kete

Jina lake la kweli silitaji, kwa kuwa tunaswali msikiti mmoja na mkewe ndiye anayeniuzia mkate wa kumimina. Barazani tunamwita Nahodha, maana kete zake zikianza safari hazikosi kufika bandari anayoitaka yeye.

Kwa asiyelijua bao: ubao una mashimo 32, safu nne za manane manane, na kete, yaani mbegu za komwe, ni 64, kila mtu 32. Mnaanza na kumi kumi ubaoni, zile 22 zilizobaki mnaziingiza moja moja. Siri yote iko kwenye kete ya mwisho ya mkono wako. Ikiangukia shimo tupu umelala, na mwenzako anaingia kazini. Mafundi wa Unguja hupiga hesabu hiyo mizunguko kadhaa mbele, kimya, hawajagusa kitu. Nahodha hana kichwa hicho. Nahodha ana vidole.

Akichota tisa, anasambaza nane. Ya tisa inabaki kiganjani mpaka siku ile anapohitaji kumi na anazo tisa, hapo inajitokeza bila kuitwa. Na huku mkono ukienda, mdomo nao haupumziki: bei ya pweza, Simba na Yanga, nani kamwacha nani. Ukimtazama usoni umeliwa.

Babu, mwenye ubao, hakutaka tumfukuze. "Mtu mmezikana wazee wenu pamoja, mtamtoa barazani kwa komwe?" Basi tukatunga sheria. Kwanza kuhesabu kete kabla na baada ya mchezo. Zikawa zinatimia 64 kila mara, kwani mwizi wetu alikuwa mwaminifu wakati wa kurudisha. Tukaja na sheria ya kukunja mikono ya kanzu. Haikusaidia. Mwishowe fundi cherehani, ambaye ndiye aliyekuwa akiumia kuliko sote, akaja na sindano na uzi akamshona mifuko palepale, kanzu ikiwa mwilini.

Nahodha akaondoka kwa hasira. Akarudi na msuli na fulana isiyo na mikono, akanyoosha mikono juu katikati ya baraza. "Haya, nikagueni!" Tuliona haya, wallahi. Mtu mzima yule.

Kisha akaanza kukohoa. Si kikohozi kikubwa, ila kilimjia kila akikaribia kulala, na kikimjia hufunika mdomo kwa kiganja kwa adabu kabisa. Siku moja Fundi akaokota kete kwenye nyumba yake, lile shimo lake kuu ubaoni, akaisugua kwa kidole gumba.

"Mbona hii imelowa?"

"Jasho," akasema Nahodha.

Fundi akaangalia juu, akaangalia kete, akaendelea kucheza. Ushahidi hana.

Ushahidi ulikuja wenyewe baada ya alasiri moja, umejifunga kanga na mkononi una kikapu. Alikuwa mama mkwe wake Nahodha, anatoka sokoni.

"Assalaam alaykum."

Tukaitikia sote, isipokuwa mmoja. Nahodha ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kukohoa.

Bibi akasimama. "Na wewe mwanangu, hujambo?"

"Mmh."

Mkwe wako anakusalimu mbele ya watu, nawe unamjibu "mmh"! Babu aliweka kikombe cha kahawa chini.

"Mtoto kapata nafuu ile homa?"

"Mmh-mmh."

"Mbona shavu limevimba? Jino?"

Hapo Nahodha akaona mlango wa kutokea. Akatikisa kichwa kukubali, akashika shavu, akakunja uso kama anayeungua. Sisi tuliokaa karibu tuliliona lile shavu. Lilikuwa na kitu cha mviringo, na kilihama.

"Masikini mwanangu," akasema bibi, akaanza kufungua pindo la kanga. Na nani Unguja hajui dawa ya jino? Zilitoka karafuu tatu. "Fungua mdomo nikutie mwenyewe."

Nahodha akatutazama mmoja mmoja. Fundi alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwezi mchanga. Bibi akamshika kidevu. Tukaona koo la Nahodha likipanda, likasimama, likashuka taratibu, na macho yakamtoka machozi. Kisha akafungua mdomo mpana, akatiwa karafuu zote tatu, akasema, "Ahsante mama, Mungu akuzidishie."

Bibi alipokunja kona, Babu alihesabu. 63.

"Kete iko wapi?"

"Ndani," akasema Nahodha.

"Ndani ya wapi?"

Akaonyesha tumbo. Fundi akaruka kudai ushindi. Nahodha, pamoja na maumivu yake, akakataa: mchezo haujaisha, na kete ile kwa haki haijapotea, ipo upande wake. Walibishana mpaka karibu na magharibi, na nikiri Babu alilifikiria suala hilo kwa uzito kuliko lilivyostahili.

Usiku tumbo likamkaza. Mkewe akanigongea, tukampeleka kituo cha afya, mimi nimemshika mkono huu na mke ule. Muuguzi akauliza kulikoni. Mke, naye ana haraka na ana hasira, akasema kwa sauti ya kufika mapokezi:

"Kameza kete!"

Watu kwenye benchi wakasogea. Muuguzi akaweka kalamu chini, akatoka. Aliporudi alikuwa na askari.

"Umemeza ngapi?" askari akauliza.

"Moja," akasema Nahodha.

"Moja tu?"

"Nyingine 63 ziko barazani, kwa wenzangu."

Nilijaribu kuingilia kati. Askari akanigeukia. "Na huyu?"

"Huyu ni mwenzake," akasema mke, "kila siku wako pamoja kwenye hizo kete, nyumbani hawarudi."

Kufupisha, tuliongozana hadi kwa Babu usiku ule, mimi mbele na askari nyuma. Babu akatoka na tochi na msuli.

"Mzee, wewe ndiye unayeweka kete?"

"Ndiyo mimi, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa Mapinduzi. Nilimrithi marehemu baba."

Askari akanyamaza kidogo. "Na unashirikiana na nani?"

"Mtaa mzima," Babu akasema kwa fahari. "Hata Mwalimu Nyerere alikuwa akicheza." Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa turubai, akaumimina ukumbini. Komwe za kijivu zikabingirika mpaka kwenye viatu vya askari. Akaokota moja, akaimulika, akaigonga kwa kucha. Nilidhani atatutukana. Akauliza kama ubao upo karibu, na alipofungwa na Babu mara ya pili akaomba tusimwambie mtu.

Nahodha alipewa maji na maneno ya kuvumilia. Kete ilirudi kwa njia zake. Shida ni kwamba hakutuonyesha. Aliiosha, au alisema aliiosha, akaja barazani mapema kabla yetu akaitumbukiza mfukoni pamoja na nyingine.

"Ni ipi?" Fundi akauliza.

Nahodha akachungulia ndani ya mfuko. Komwe zote zina sura moja.

Hakuna aliyetia mkono. Palipendekezwa zichemshwe, lakini hakuna mke mtaani aliyekubali kutoa sufuria. Babu akahukumu: Nahodha aende pwani akachume komwe mpya, 64. Mkomwe ni mti wa miiba, hata ganda la tunda lake lina miiba, nasi tukaona adhabu imemtosha.

Alirudi jua linazama, mikono imechanika, kabeba mfuko wa rambo, hana neno. Tukamwonea huruma. Kijana mmoja akamletea kahawa. Babu akamimina komwe kwenye mkeka akaanza kuhesabu kwa sauti, sote tunafuata, mpaka mkeka ukabaki mtupu kwenye 63.

Nahodha akakohoa.

"Fungua mdomo," akasema Fundi.