Saratani ya kongosho: kikomo cha 5 ni kikomo cha damu ya nani?

Katika majibu ya picha kamili ya damu zimo hesabu mbili ambazo madaktari wa saratani ya kongosho huzigawanya: neutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe za damu. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba uwiano ukiwa juu, mara nyingi kikomo kikiwekwa 5, mgonjwa huishi muda mfupi zaidi. Wanaoutetea wana hoja. Hauongezi gharama, na una mantiki ya kibiolojia: uvimbe hutoa viashiria kama protini ya G-CSF vinavyouhimiza uboho kumwaga neutrofili, zikiwemo changa zinazozidhoofisha limfosaiti T, zile zinazoushambulia uvimbe.

Ubishi huanza uwiano huo unapotumiwa kuamua nani apasuliwe, au nani apewe dawa kali kama FOLFIRINOX. Wanaosita huonekana wanaipuuza namba, kumbe wao ndio wanaoisoma kwa makini.

Uvimbe wa kichwa cha kongosho huziba mrija wa nyongo. Bakteria wakistawi kwenye nyongo iliyotuama, neutrofili hupanda kwa maambukizi hayo. Deksamethasoni ya kuzuia kutapika huzipandisha pia, na kushusha limfosaiti, ndani ya saa chache. VVU na malaria kali navyo hupunguza limfosaiti.

Linalosahaulika zaidi ni jeni ACKR1, inayobeba maelekezo ya kutengeneza alama ya chembe iitwayo antijeni ya Duffy. Watu wengi sana wa Afrika kusini mwa Sahara hawana antijeni hiyo kwenye chembe nyekundu, hali inayowakinga kwa kiasi kikubwa na malaria ya aina ya vivax. Neutrofili katika damu yao huwa chache tangu awali. Wengine wana chini ya 1,500 kwa maikrolita na ni wazima kabisa. Chukua mtu wa namna hiyo mwenye neutrofili 1,600 na limfosaiti 2,000. Uwiano wake ni 0.8. Saratani ikizifikisha neutrofili 4,800 na kuzishusha limfosaiti hadi 1,500, uwiano unakuwa 3.2. Umepanda mara nne, na bado anahesabiwa miongoni mwa wenye matumaini mazuri! Mwenzake aliyeanza na neutrofili 4,000 na limfosaiti 2,000 alikuwa kwenye 2. Akipanda mara mbili na nusu tu amefika 5. Vikomo hivi vimetokana zaidi na wagonjwa wa Asia, Ulaya na Marekani. Kuvihamishia Mwanza au Kisumu bila kuvipima upya ni kuwakosea wagonjwa.

Isitoshe, hesabu ya kawaida haisemi ni limfosaiti zipi zinazoutambua uvimbe. Mwaka 2023 watafiti wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, walitoa matokeo ya wagonjwa 16 waliopasuliwa kisha wakapewa chanjo ya mRNA (maelekezo ya kuifundisha kinga kuutambua uvimbe) iliyotengenezwa kwa kila mmoja, pamoja na atezolizumab, dawa ya kuiamsha kinga, na kemotherapia. Wanane walipata kwenye damu limfosaiti T zinazoutambua uvimbe wao, na kwao saratani ilichelewa kurudi. Ni jaribio dogo lisilo na kundi la kulinganisha, ila linaonyesha pa kutazama.

Kwa sasa, damu itolewe kabla ya deksamethasoni, na baada ya homa kuisha na bilirubini (rangi ya njano ya nyongo kwenye damu) kushuka. Iwekwe kwenye chupa ya EDTA, kemikali ya kuzuia damu kuganda, na kugeuzwa taratibu mara 8 hadi 10, maana ikiganda hesabu zinaharibika. Ripoti itaje idadi ya neutrofili na limfosaiti kila moja peke yake, na daktari atafute majibu ya zamani ya mgonjwa huyohuyo, hata ya kliniki ya wajawazito au ya kuchangia damu, ajue alianzia wapi.