Ugonjwa wa arobaini na moja

Mwarobaini umepewa jina hilo kwa kuwa inasemekana unatibu maradhi arobaini. Mimi naongeza la arobaini na moja: mawazo. Wala sisemei majani yake machungu. Nasemea kivuli.

Mwaka aliofariki mama nilikosa usingizi kwa miezi. Zahanati walinipa vidonge, nikavimeza, na sioni haya kusema vilinisaidia. Ila daktari aliponiambia, "Jioni uwe unatoka ukapunge upepo," niliona kama ananifukuza ili amwite mwingine.

Aliyelichukulia uzito neno lile ni mama mdogo, ambaye naye alikuwa amefiwa na dada yake. Kila saa kumi na moja jioni ananigongea: "Mwanangu, toka humo." Tunakaa mkekani chini ya mwarobaini wa uani kwake, hapa Tanga. Yeye anachambua mchele kwenye ungo, mimi nimenyamaza tu. Tunda bivu likidondokea kwenye mchele analiokota, analitupa, anaendelea. Wiki nzima sikusema kitu. Siku ya nane au ya tisa nikajikuta nasimulia usiku ule wa wodini, macho yangu yako kwenye ungo. Tungekuwa chumbani tumetazamana, nisingethubutu.

Wazimbabwe wamelifanyia kazi jambo hili kutupita. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 mtaani Mbare, jijini Harare, akawafundisha kuwasikiliza watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Nje, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi! Kishona wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema fulani ana mawazo. Utafiti wao wa watu 573, uliochapishwa 2016, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Mtaniambia hapo kilichotibu ni bibi, si mti. Huenda. Lakini Mmarekani Roger Ulrich alionyesha mwaka 1984 kwamba wagonjwa waliopasuliwa, ambao dirisha lao lilitazama miti, waliruhusiwa mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu chache kuliko waliotazamana na ukuta wa matofali. Hao hawakuwa na bibi wala ungo. Kwangu mimi, mti unakupa pa kuelekeza macho, na mdomo unafunguka wenyewe.

Anayekwambia utupe vidonge ukakumbatie mbuyu, mkimbie. Mtu anayesikia sauti za wasiokuwepo, au anayesema amechoka kuishi, apelekwe hospitali leo hii.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama mdogo kuchukua dawa zake za presha. Pale mlangoni palikuwa na mkungu mkubwa, watu wakisubiri chini yake na kupiga soga. Umekatwa, pamemwagwa zege, pamekuwa maegesho ya magari matatu.

Mama mdogo akamuuliza mlinzi, "Sasa watu wanakaa wapi?"

"Ndani, mama. Viti vipo."

Akachungulia. Viti vimepangwa safu safu, vyote vimeelekea televisheni, na hakuna anayezungumza. Akafungua kanga yake ya pili, akajitanda kichwani, tukasubiri nje juani.