Saa ya Mwili: Umbali kati ya Maabara na Mgonjwa

Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba walipewa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, Wamarekani watatu waliochunguza nzi wadogo wa matunda na kuonyesha jinsi jeni zinavyoendesha saa ya mwili, ule mpangilio wa takriban saa 24 unaotawala usingizi, homoni, joto la mwili na shinikizo la damu. Elimu hiyo imezaa swali la haki: ikiwa mwili wa saa 8 usiku si mwili wa saa 4 asubuhi, mbona tiba nyingi bado hutolewa kana kwamba saa zote ni sawa?

Jibu ni gumu kuliko linavyoonekana, na dawa za shinikizo la damu zinatuonyesha sababu. Kwa kawaida shinikizo hushuka mtu anapolala, na wale ambao kwao halishuki huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi na maradhi ya moyo. Kwa hiyo kumeza dawa usiku kulionekana kuwa jambo la busara. Mwaka 2019 utafiti wa Hygia, uliofanyika Hispania kwa wagonjwa zaidi ya 19,000, ulitangaza kwamba waliomeza dawa wakati wa kulala walipata matukio mabaya ya moyo na mishipa pungufu kwa takriban asilimia 45. Wataalamu kadhaa walitilia shaka namna utafiti huo ulivyoendeshwa, kwani si rahisi kuamini kwamba kubadili saa tu kunaweza kuleta nafuu kubwa kiasi hicho. Kisha mwaka 2022 yakaja matokeo ya utafiti wa TIME wa Uingereza, uliowafuatilia watu 21,104 kwa zaidi ya miaka 5: vifo vya maradhi ya mishipa pamoja na kulazwa kwa mshtuko wa moyo au kiharusi viliwapata asilimia 3.4 ya waliomeza dawa jioni na asilimia 3.7 ya waliomeza asubuhi, tofauti ndogo inayoweza kuwa ya bahati tu.

Wapo wanaoona kwamba matokeo hayo yamelizika wazo zima la kufuata saa ya mwili katika tiba. Mimi sioni hivyo, kwa kuwa jioni ya saa ya ukutani si lazima iwe jioni ya mwili wa kila mtu. Hata hivyo, mgonjwa amenufaika na TIME kwa namna isiyovuma: anaweza kuchagua saa ambayo hataisahau dawa yake, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu atakayeimeza maisha yake yote.

Upande wa ratiba za kazi na shule ushahidi una uzito zaidi, ingawa nao una miiba yake. Shule za sekondari za umma za Seattle, Marekani, ziliposogeza masomo kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi mwaka 2016, wanafunzi waliopimwa walilala takriban dakika 34 zaidi. Hawakuutumia muda ule kukesha, kama wengi walivyohofia. Hospitalini mambo hayakunyooka hivyo. Utafiti wa Boston wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba madaktari wanafunzi waliofanya zamu ndefu za kawaida, zenye kupita saa 24, walifanya makosa makubwa mengi zaidi kwa karibu asilimia 36 kuliko walipopunguziwa saa. Lakini mwaka 2020 utafiti mwingine, katika wodi za watoto mahututi za hospitali 6 za Marekani, ulikuta makosa yakiongezeka zamu zilipofupishwa. Kufupisha zamu kulikuwa kumemwongezea kila daktari idadi ya wagonjwa, na watafiti walipoizingatia idadi hiyo, ongezeko la makosa halikuonekana tena.

Naogopa matokeo hayo ya 2020 yatatumiwa kama kisingizio cha kuwarudisha madaktari kwenye zamu za saa 24, ilhali hayaonyeshi kwamba uchovu hauna madhara. Yanaonyesha kwamba usingizi uliotolewa bila kuongeza watumishi hulipiwa kwa kazi nyingi zaidi ndani ya saa zilizobaki. Hospitali inayofupisha zamu ihesabu kwanza wagonjwa atakaobeba kila daktari, iajiri kwa kadiri hiyo, ndipo ipime makosa kabla na baada ya mabadiliko.