Pole ya Mvua Sitaki

Kijana wa mapokezi alinitazama, akatazama mlangoni ambako mvua ya masika ilikuwa inamwagika bila haya, akasema, "Pole dada, leo hutaona kitu." Kisha akaniuliza namsubiri nani. Nikamwambia simsubiri mtu. Akanipa pole ya pili, nzito kuliko ile ya kwanza.

Nimezichoka pole hizi. Ukivuka maji kwenda Unguja kati ya Machi na Mei, kuanzia bandarini Dar watu wanakusikitikia utadhani umefiwa. Msimu mbovu huu. Ungengoja Juni. Na ukiwa Mtanzania, tena mwanamke, tena peke yako, hapo ndipo maelezo hayatoshi kabisa. Umekuja semina? Harusi? Mwenyeji wako nani? Mzungu akizunguka peke yake na ramani iliyolowa anaitwa mtalii. Mimi nikizunguka peke yangu nina matatizo nyumbani kwangu.

Hilo la kuwa peke yangu nilimalize upesi. Ukitoka na wenzako, mmoja ana njaa, mwingine anataka picha, wa tatu viatu vinambana. Mimi nilijibanza chini ya roshani ya watu kule Hurumzi, mtaa wa Mji Mkongwe, nikiangalia ukuta, mpaka mwenyewe akafungua dirisha kuniuliza kama kuna ninachotafuta. Nani angenivumilia?

La mvua ndilo linaloniudhi hasa. Mji Mkongwe wa kiangazi ni milango: nakshi, njumu za shaba, picha mbili tatu, umeondoka. Mvua ikikolea ndipo unapoanza kuziona nyumba zenyewe.

Chukua baraza. Kwenye picha za kuuzia safari ni mahali pa wazee kucheza bao. Siku ile maji yalijaa kichochoro kizima, na watu wakapanda barazani wakawa wanapita juu yake, mmoja nyuma ya mwingine. Watoto wa madrasa wamekumbatia juzuu zao kifuani, mama na kikapu chake cha samaki, nami nyuma yao. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa alikunja miguu tu, "Pita, mwanangu," akaendelea na mazungumzo yake. Nimeyaona mabaraza hayo mara nyingi juani, na hakuna mwongozaji aliyewahi kuniambia kwamba masika huwa njia ya miguu.

Halafu kuta. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na juu yake boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Waliozijenga walikuja na mapaa bapa ya sakafu, desturi ya Oman, nchi ambayo mvua ni habari ya kupigiana simu. Unguja ikawafunza adabu, na bati likapandishwa juu. Sasa, chokaa inakunywa maji na kuyatoa. Ukiifunika kwa plasta ya saruji, maji yanaingia kwenye nyufa na kukosa pa kutokea, ukuta unalika kwa ndani huku nje umepakwa rangi mpya. Juani huwezi kujua. Mvuani unajua, maana unyevu unajichora wenyewe mpaka ghorofa ya pili. Mlizamu, ule mfereji wa kutolea maji ya paani, ukivunjika hautemi tena maji njiani, unayamwaga ukutani, masika hii na masika ijayo, hadi siku mtakayosikia nyumba imeshuka.

Na unaona pia nani analoa. Jumba lililogeuzwa hoteli lina bati jipya na michirizi imekaa sawa. La jirani yake, la wapangaji, mlango ulikuwa wazi: ndoo na mabeseni yamepangwa ngazini, na mtoto kazi yake kumwaga iliyojaa. Kuta hizo mbili zinagusana. Urithi wa dunia ni majumba yote mawili.

Tarehe 25 Desemba 2020, Beit el-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, liliporomoka upande wa mbele pamoja na mnara wake wa saa, likiwa katikati ya ukarabati. Watu wawili wakafa. Siisingizii mvua. Ninachosema ni kwamba nyumba za mji huu hazifi ghafla, ila tunapenda kuzitembelea zikiwa kavu. Ningekuwa na mamlaka, kila anayetia saini karatasi za urithi huu tuliotambuliwa na UNESCO mwaka 2000 angezungushwa mji mzima mwezi wa Aprili, kwa miguu, na asipewe chai mpaka amalize.

Mvua ilipozidi nilikimbilia Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Nje kuna lile shimo lenye sanamu tano za Clara Sörnäs, za mwaka 1998, na minyororo shingoni. Siku za jua unasubiri zamu, maana kuna watu wanajipiga picha pale, wengine wanatabasamu. Siku hiyo hapakuwa na mtu. Maji yalikuwa yanawatiririka usoni wale watano, na mimi nimesimama juu yao na koti langu la mvua. Nilitamani kulivua. Sikulivua, lakini sikupiga picha pia.

Haya, nakubali machache. Forodhani usiku ule haikuwa na moshi wala mishikaki, na Forodhani bila mishikaki ni bustani tu. Pale Darajani, ulipokuwa mkono wa bahari kabla haujafukiwa, maji bado yanakumbuka kwao, na yaliyonifika kifundoni hayakuwa ya mvua peke yake. Tena ni rahisi mimi kuisifu mvua, sikai kwenye nyumba yenye ndoo ngazini. Nimeshasema, tuendelee.

Maana bado sijataja urojo. Bakuli la moto, bajia na kachori zimezama, pilipili ya kukutoa machozi, turubai juu ya kichwa linapigwa na mvua na mwuzaji anapaza sauti kukuuliza kama uongezewe chatine ya nazi. Aliyeula juani ameula nusu.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa mapokezi, masika mnashusha bei za vyumba. Shusheni na huruma. Mgeni akitoka mvuani mwelekezeni Hurumzi na Mkunazini, msimwambie alale. Nawe msomaji ukienda, mwavuli uache. Kwenye vichochoro vile mwavuli mmoja unafunga njia nzima, na sisi wa bara hatujui kuukunja kwa haraka. Vaa viatu vinavyoshika chini. Kandambili zitakuangusha pale Jaws Corner mbele ya wazee wa kahawa, na wale ukirudi mwaka ujao watakuuliza goti linaendeleaje.