Siku kikoba kizima kilipotumia njia ya feki

Shangazi yangu ni mweka hazina wa kikoba huko Mbagala, akina mama 24, na alichoka kutumiwa skrinshoti za malipo WhatsApp zinachanganyikana na maua ya "asubuhi njema". Akaniambia baba, we si unajua kompyuta, nitengenezee kitu. Nikajidai fundi, nikasema shangazi hiyo kazi ya wikiendi moja tu.

Nikaandika kiukurasa cha JavaScript, mtu anabonyeza, anachagua picha ya muamala, inatokea pale chini aione, anatuma, basi. Nikajaribu kwenye simu yangu, picha hiyo hapo, nikalala usingizi wa mtu aliyelipwa (nililipwa wali samaki).

Mwisho wa mwezi kikao kimejaa, shangazi anafungua laptopu mbele za watu asome risiti. Mstari wa kwanza: C:\fakepath\IMG_0412.jpg. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu. Akavua miwani, akaifuta na khanga, akavaa tena. Akamwita dogo mmoja wa fomu foo aliyemsindikiza mama yake, hebu nisomee hapa. Dogo bila huruma: "Fake ni feki, path ni njia. Njia ya feki."

Weee! Mama mmoja akasimama, "nilisema mimi, humu kuna watu hawalipi!" Shangazi akatangaza mwenye risiti feki ajitaje mwenyewe kabla hajasoma majina. Kimya. Basi akaanza kusoma, anasoma kwa ukali kabisa, mpaka alipofika mstari wa tisa akakuta jina lake.

Ndo nikapigiwa simu. "Baba njoo. Usipitie popote."

Sasa waeleze akina mama 24 wenye hasira kwamba ile ni brauza tu, haitaki tovuti ijue faili lako umeliweka folda gani, kwa hiyo inabandika anwani ya uongo mbele ya jina, hata kwenye simu ambayo hiyo diski C yenyewe haina, na waliotunga sheria za HTML wakaiacha hivyo kwa sababu kuna tovuti za zamani zilishazoea kuona njia yenye mikwaju, zile alama za \. Mwenyekiti akaniuliza, "kwa hiyo ni uongo?" Nikajibu ndio mama, ila ni uongo wa usalama. Hapo nikawa nimejimaliza.

Nikasema subirini niwafungulie picha zenyewe. Picha hamna. Hata moja! Kumbe nilikuwa nachukua input.value, yaani jina la faili tu, naituma kwenye seva kama maandishi, badala ya kuchukua files[0], faili lenyewe, niitie kwenye FormData, kile kifurushi cha kutumia faili. Ile picha waliyokuwa wanaiona ni simu ya mtu mwenyewe inamwonyesha kwa createObjectURL, haijatoka hata nje ya mlango. Mwezi mzima nimekusanya majina ya picha.

Nikarekebisha pale pale, nimekaa kwenye mkeka, jasho linanitoka, nikamwambia shangazi aanze yeye. Akachagua, mtandao ukakata katikati. Akachagua tena picha ile ile. Kimya. Tena. Kimya. "Imenikataa," akasema kwa sauti ya msibani. Ukichagua faili lile lile brauza inaona hakuna kilichobadilika, ile change, taarifa ya kwamba faili limechaguliwa, haiitwi, ilitakiwa kila jaribio likiisha niweke input.value = '' kufuta chaguo la zamani, na hilo nalijua jamani, nimewahi hadi kumfundisha mtu.

Kikao kikanipiga faini elfu tano, kosa kuleta taharuki, na mimi hata si mwanachama. Nikatoa keshi. Shangazi akafungua daftari, akanikatia risiti ya karatasi, akagonga muhuri, akaiinua juu kila mtu aione.

"Hii sasa ndo orijino."