Sato Wangu na Baridi ya Dodoma

Watu wa Dar es Salaam huamini kwamba nchi hii haina baridi, nami sibishani nao. Naomba tu mmoja wao aje Dodoma mwezi Julai, kisha alfajiri, upepo ukiwa umekolea, atoke nje kukagua bwawa la samaki kama ninavyolazimika mimi. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe hushusha joto la usiku hadi nyuzi 13 hivi, ambazo kwa binadamu ni sweta na chai ya tangawizi tu, lakini sato, aliyezoea maji ya nyuzi 25 hadi 30, hupoteza hamu ya kula maji yakishuka chini ya 20, na yakikaribia 10 hufa.

Huko kutokula ndiko kunakoniumiza, maana chakula chao nimekilipia. Afisa uvuvi alinieleza kwamba kinachobaki huoza na kumaliza oksijeni, kwa hiyo nipunguze kiasi na nilishe mchana, jua likishapasha maji. Mchana niko kazini, na aliyebaki nyumbani ni mama mkwe, ambaye kwa imani yake kiumbe asiyekula ni mgonjwa, na mgonjwa huliwa kabla hajakonda.

Usiku nafunika bwawa kwa turubai ili joto lisipotee, na asubuhi nalifunua maji yapate hewa. Upepo wa hapa hauogopi mawe niliyoyaweka pembeni: safari moja nililikuta turubai uani kwa jirani, limeshaanikiwa alizeti, naye akanishukuru kwa moyo wa kumkopesha bila hata kuombwa. Ningefanya nini, nimwage alizeti ya watu?

Shemeji yangu aliyeko Ujerumani ananicheka. Kwao bwawa huganda juu, wenye samaki huacha tundu kwenye barafu ili gesi chafu itoke, huacha kabisa kuwalisha, na samaki hutulia chini kwenye maji ya nyuzi 4 hivi. Nimemjibu kwamba samaki wake wamezaliwa na baridi yao, ilhali wangu asili yao ni Mto Nile.

Dawa ya kweli ni kina, kwa sababu maji mengi hayapoi upesi kama maji haba; lakini hapa, mvua zikikatika kuelekea Mei, hazirudi hadi karibu na Desemba, na bomba nalo lina ratiba yake. Ninapofanikiwa kuongeza kina, majirani wanatokea na ndoo, wakidai kwamba maji ya samaki yanastawisha mchicha, na kibaya zaidi ni kwamba wanasema kweli.

Jana mama mkwe alinipigia simu kazini, akanisalimia kwa kirefu, akaulizia afya yangu, halafu akasema: "Baba, yule mkubwa nimemwona ana homa. Nimeshamtia ndimu."