Ndizi haina kazi kwenye biskuti

Mtu akisema anataka kuoka biskuti zisizo na mayai wala maziwa, jibu la kwanza atakalopewa ni hili: ponda ndizi mbivu. Ushauri huo umezagaa hadi watu wanadhani biskuti ya vegani lazima iwe laini kama keki, inukie ndizi, na ikilala usiku mmoja kwenye kopo iamke imelowa. Kisha wanasema vyakula visivyo na kitu cha mnyama havina ladha. Wanaisingizia vegani makosa ya ndizi.

Yai ndani ya biskuti ya vipande vya chokoleti lina kazi ndogo kuliko sifa zake, wala halihitaji kutafutiwa mrithi. Kinachotakiwa kurudishwa ni maji yake na mafuta kidogo. Yai moja la kawaida, likishatolewa ganda, lina gramu 50 hivi, na karibu robo tatu yake ni maji. Protini ni gramu sita, mafuta gramu tano. Kwenye keki ya sponji protini hizo ndizo nguzo za nyumba, ukizing'oa paa linashuka. Biskuti haina paa la kushikilia. Imebana kwa unga wake wenyewe, na kwa sukari inayoyeyuka ndani ya oveni kisha kukaza inapopoa. Ndizi iliyopondwa inaleta maji, sawa, lakini inaleta na nyuzinyuzi na sukari yake, inazuia donge lisitambae, na matokeo yake ni kitu cha katikati ya keki na mkate.

Na kuoka bila yai si jambo la jana pwani. Nankhatai za Mombasa, Unguja na Dar es Salaam ni unga, sukari, samli na iliki, na nyingi hazionjeshwi yai kabisa. Badilisha samli kwa mafuta ya mmea, umemaliza. Kashata ya nazi ndiyo kabisa, haijawahi kudai jina la vegani ingawa ni yake tangu mwanzo.

Hivi ndivyo vipimo ninavyovitetea, kwa biskuti 22 hivi za gramu 35 kila moja: unga wa ngano gramu 220, sukari guru au sukari laini ya kahawia gramu 100 na nyeupe gramu 50, mafuta ya nazi gramu 110, tui zito mililita 60, bekingi soda nusu kijiko cha chai na bekingi poda nusu nyingine, chumvi nusu kijiko cha chai, vanila kijiko kimoja. Vya kuchanganyia ni korosho gramu 80, matunda makavu gramu 70 na chokoleti nyeusi gramu 100. Pima kwa mizani. Kikombe cha unga kinaweza kubeba gramu 120 au 150, inategemea umechota kwa kushindilia au kwa kunyunyiza, na tofauti hiyo inatosha kugeuza biskuti kuwa tofali.

Tazama hilo tui. Mililita 60 za tui la kopo lenye mafuta ya asilimia 17 hadi 20 zina maji gramu 40 na kitu, karibu sawa na maji ya yai moja, na mafuta zaidi ya gramu kumi. Ndiyo hesabu yote ya kuliondoa yai. Kasimile ulilochuja mwenyewe kwa maji kidogo linafaa vilevile. Tui jepesi la pili usilitumie: ni maji matupu, na maji yakizidi unga hushikamana sana, biskuti inatoka ngumu ya kutafuna badala ya kumumunyika. Mbegu za kitani zilizosagwa na chia zina mahali pake, hasa ukitia shayiri nyingi au unga usio wa ngano, maana hapo kweli panahitajika gundi. Kwenye unga wa kawaida ni kazi ya bure.

Kinachoharibu biskuti nyingi za vegani Afrika Mashariki ni mafuta, na sababu ni joto la jikoni. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Jikoni kwa mtu wa Tanga mwezi Januari yanakaa kimiminika mchana na usiku. Nairobi mwezi Julai unayachokonoa kwa kijiko. Kwa hiyo kipimo kilekile kinatoa biskuti mbili tofauti, na maelekezo ya mtandaoni yanayosema “piga mafuta na sukari hadi yaumuke” hayana maana Tanga, kwa sababu mafuta yaliyoyeyuka hayashiki hewa. Usihangaike nayo. Yayeyushe yote, yaache yapoe hadi yasichome kidole, kisha uyapige na sukari na tui kwa mchapo wa mkono dakika mbili kamili, mpaka mchanganyiko uwe mzito, wa rangi moja, unaong'aa. Ukiona mafuta yanaelea pembeni, hayajashikana na tui. Ongeza kijiko kimoja cha tui, endelea kupiga. Mchanganyiko uliotengana hutoa biskuti zinazovuja mafuta kwenye karatasi huku katikati zimekauka, na watu hulaumu oveni.

Sukari nayo. Ile ya dukani yenye punje kubwa za kahawia haiyeyuki vizuri kwenye maji machache namna hii, na mlaji atasikia mchanga kwenye meno. Itwange kidogo kwenye blenda. Sukari guru ikwangue, uitie kwenye tui la uvuguvugu iyeyuke kwanza. Mimi ningeichagua guru kila ipatikanapo, na sababu yake itaonekana kwenye suala la rangi. Asali haimo, hata kama mtu atakuambia nyuki hakudhurika.

Unga uchekeche pamoja na soda, poda na chumvi, uumimine, ukoroge kwa mwiko mpaka usione unga mkavu, ukome hapo. Soda isawazishe kwa kisu kwenye kijiko. Ikizidi, biskuti inakuwa na ladha ya sabuni. Na soda ninayosema si magadi ya kulainishia maharage. Yale yana nguvu nyingine, na kijiko chake hakilingani na cha bekingi soda hata kwa bahati.

Sasa donge litaonekana jepesi mno, la kung'aa, na hapa ndipo mwokaji anaingiwa na hofu akaongeza unga. Usiongeze. Liweke kwenye friji dakika 45. Unga unakunywa maji, mafuta yanaganda, na donge linakuwa la kufinyangika. Libonyeze kwa kidole: alama ibaki, kidole kitoke bila mafuta. Asiye na friji abadilishe nusu ya mafuta ya nazi kwa mafuta mgando ya mmea, ambayo hukaa magumu hata kwenye joto la pwani. Harufu inapungua lakini umbo linasimama. Mafuta ya alizeti peke yake siyapendekezi. Hayagandi popote, na biskuti zake zinatambaa hadi kukutana. Majarini inafaa ikiwa haina maziwa, ila zingatia kwamba ina maji ndani yake, kwa hiyo tui lipunguze hadi mililita 40.

Korosho lazima zikaangwe kwanza. Wengi huzitupa mbichi wakidhani oveni itamaliza kazi. Haimalizi: korosho iliyofunikwa na donge lenye maji haipandi sana juu ya nyuzi 100 kwa zile dakika kumi na mbili, hivyo inatoka imechemshwa, laini, haina harufu. Zitandaze kwenye trei, nyuzi 160, dakika nane hadi kumi, ukizitikisa mara moja, na uzitoe zikiwa bado za manjano hafifu kwa sababu huendelea kuiva nje. Nunua zilizovunjika. Korosho nzima nyeupe ni ya kuweka kwenye sahani ya wageni. Kwenye biskuti utaikatakata hivyo hivyo, na vipande vina bei nafuu na ladha ileile. Karanga zinafaa, lozi zinafaa zaidi, makadamia za Kenya zina mafuta mengi mno, kwa hiyo ukizitumia punguza mafuta ya nazi gramu kumi. Chochote utakachochagua, onja punje moja kabla. Korosho iliyokaa dukani ikachacha itaharibu trei nzima, na chokoleti haifichi uchachu huo.

Matunda makavu yana tabia ya wizi. Zabibu kavu ngumu zikiingia hivyo zilivyo zinanyonya maji ya donge, nalo ni kidogo tangu mwanzo. Zimwagie maji ya moto, dakika kumi, chuja, zikaushe kwa kitambaa mpaka zisilowanishe kiganja. Embe kavu na nanasi kavu zikate kwa mkasi, vipande vya ukubwa wa kunde. Uchachu wake unakata utamu wa chokoleti kuliko zabibu zinavyoweza. Tende laini kama Khalas ya Oman hazilowekwi kabisa. Kata, zibiringishe kwenye kijiko kimoja cha unga zisigandane, na uhakikishe zimezama ndani ya donge. Tende inayochungulia nje, au inayogusa trei, inaungua kabla biskuti haijaiva, na uchungu wake unafanana na wa sukari iliyoungua kwa sababu ndivyo ilivyo.

Kwenye chokoleti watu hudanganyika na rangi. Nyeusi si lazima iwe bila maziwa. Geuza pakiti usome viambato: “milk powder”, “milk fat”, “butterfat”, “whey” na “lactose” vyote ni maziwa. Siagi ya kakao ni mafuta ya mmea, jina lisikutishe. Lesithini ya soya pia haina tatizo. Tangazo la “huenda ikawa na chembe za maziwa” linamhusu zaidi mwenye mzio, na kwa huyo si jambo la kupuuza. Chukua ya asilimia 60 hadi 70. Chini ya hapo sukari inalundikana juu ya tende, juu ya hapo biskuti inakuwa chungu na kavu.

Kata mche wa chokoleti kwa kisu cha mkate, vipande vya nusu sentimita hadi sentimita moja, na uviweke kwenye friza robo saa. Siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34, yaani chini ya joto la mwili wako. Ukivitia kwenye donge ambalo mafuta yake bado ya uvuguvugu, au pamoja na korosho zilizotoka motoni, vinafutika, na unabaki na donge la rangi ya matope lisilo na kipande hata kimoja. Kwa hiyo utaratibu ni donge likishapoa kwa dakika 20 kwenye friji, korosho baridi, matunda, chokoleti mwisho, mwiko mara kumi tu, kisha rudisha friji umalizie zile dakika 25.

Fanya viduara vya gramu 35, uviache sentimita tano katikati, uvibonyeze kidogo kwa kiganja kwa sababu bila yai havitambai sana katikati. Nyuzi 175, dakika 11 hadi 13, trei ya kati.

Hapa ndipo biskuti nyingi nzuri zinauawa. Mwokaji anasubiri zile rangi za dhahabu alizozoea kwenye biskuti za siagi na mayai. Hazitakuja kwa wakati ule ule. Rangi hiyo kwa sehemu kubwa inatoka kwenye protini na sukari kukutana na moto, na umeondoa protini za yai pamoja na protini na laktosi ya maziwa. Anayesubiri rangi anazitoa dakika ya 17 zikiwa zimekauka mpaka moyoni. Soda na sukari guru husaidia kuleta wekundu, ndiyo maana nazisisitiza, lakini angalia pembeni badala ya rangi: kingo zikisimama na katikati pakiwa bado panang'aa kidogo kama pabichi, toa. Ukijaribu kunyanyua moja itavunjika mkononi. Ni sawa. Mafuta ya nazi bado ni kimiminika. Yape dakika kumi juu ya trei yakaze.

Mwenye jiko la mkaa aoke sita sita ndani ya sufuria kubwa lenye mchanga mkavu, lililopashwa moto dakika 15, trei ndogo ikiwa juu ya mchanga bila kugusa kuta. Makaa mengi yakae juu ya mfuniko, machache chini, theluthi moja hivi. Chini kukizidi, sukari guru inaungua mapema na huwezi kuirudisha.

Viduara vibichi hukaa friza miezi miwili, na huingia kwenye oveni vikiwa vigumu hivyo hivyo, ukiongeza dakika mbili. Zilizookwa ziweke kwenye kopo la mfuniko wa kubana baada ya kupoa kabisa. Zikifungiwa na joto zinatoa jasho. Unyevu wa pwani utazilainisha kufikia siku ya tatu. Zirudishe kwenye oveni nyuzi 150 kwa dakika nne, na usiziguse mpaka zipoe.